Ukali wa Picha Haununuliwi Dukani

Hapa Ndama, wilayani Karagwe, na ukiendelea Kayanga, Omurushaka na Nyakahanga, hadi Nkwenda na Murongo upande wa Kyerwa, kuna kauli inayorudiwa kwa uhakika mkubwa: picha kali hutoka kwenye kamera ya bei kali. Mwenye simu ya kawaida anaomba radhi kabla hata hajapiga. Katibu wa chama cha msingi akituma picha ya kahawa iliyofifia, anailaumu simu. Mwalimu aliyepiga picha za mahafali zikatoka na ukungu anasema shule inunuliwe kamera. Kijana anayetaka kuishi kwa kazi hii anaambiwa atafute kwanza milioni tatu au nne za kamera na lenzi, ndipo aanze kuitwa mpiga picha. Kauli hii si ya kweli, na madhara yake ni makubwa kuliko watu wanavyodhani. Inatuondolea fedha ambazo hatuna, na inatunyima picha ambazo tungezipata leo hii kwa vifaa vilivyomo mifukoni mwetu.

Niitendee haki kwanza hoja ya upande wa pili, maana haikutoka hewani. Ndani ya kila kamera kuna kibapa kidogo kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha. Katika kamera kubwa za wataalamu kibapa hicho kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24, yaani milimita za mraba 864. Katika simu nyingi za bei ya chini kibapa hakizidi sana milimita za mraba 17. Gawanya, utaona kamera kubwa ina eneo la kupokea mwanga karibu mara 50 ya simu. Lenzi zikiwa na uwazi sawa, hiyo ndiyo tofauti ya mwanga unaokusanywa kwa muda uleule. Nayo ni tofauti ya kweli. Mtu anayeikana hajui anachosema.

Lakini tazama namba nyingine. Jua la wazi la mchana hutoa mwanga wa takriban laksi 100,000. Sebule yenye taa moja usiku mara nyingi haifiki laksi 200. Tofauti hapo ni mara 500 au zaidi. Kwa hiyo anayetoka sebuleni na simu yake ndogo akaenda uani ameongeza mwanga mara kumi zaidi ya yule aliyebaki sebuleni akabadilisha simu kwa kamera ya mamilioni. Hata asipofika kwenye jua kali, kivuli cha baraza chenye laksi elfu kadhaa kinaikaribia faida yote ambayo kamera kubwa ingempa ndani ya nyumba. Hatua kumi za miguu zinafanya kazi ya mamilioni ya shilingi. Hesabu hii ndiyo msingi wa makala haya, na sijamwona muuza kamera anayeitaja.

Sasa fungua simu ya mtu yeyote, nenda kwenye picha zilizoharibika, na kwa kila moja uulize imeharibiwa na nini. Utakuta sababu zilezile zinajirudia. Kioo cha lenzi kilikuwa kichafu. Mkono ulitikisika, au aliyepigwa alisogea. Fokasi ilikwenda ukutani badala ya usoni. Mwanga haukutosha, au ulitoka upande mbaya. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoondolewa na risiti ya dukani. Mpe mtu mwenye makosa hayo kamera ya studio na ataleta picha zenye makosa hayohayo, tena yakionekana zaidi kwa sababu zimepigwa kwa kifaa kinachoonyesha kila kitu.

Kioo ni jambo ambalo watu hulidharau kuliko yote. Simu yetu inakaa mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Inashikwa na kidole kilichotoka kula, kilichopakwa mafuta ya ngozi, kilichofuta jasho. Wakati wa kiangazi inapokea vumbi jekundu la barabara kila pikipiki inapopita. Mafuta kidogo juu ya lenzi hutawanya mwanga kabla haujaingia: taa zinaota mikia, nyuso zinakuwa kama zimefunikwa na maziwa, na weusi wa nywele unageuka kijivu. Mwenye simu anatazama na kusema kamera imechoka, naye anaanza kuulizia bei ya simu mpya. Dawa yake ni kitambaa laini safi cha pamba na pumzi kidogo ya mdomoni. Fanya hivyo kila unapotaka kupiga, siyo mara moja kwa mwezi, na nusu ya ukungu unaoulalamikia utatoweka siku hiyohiyo.

Kutikisika nako kuna hesabu yake. Simu ikiwa ndani ya chumba chenye giza hulazimika kuacha mlango wa mwanga wazi kwa muda mrefu, tuseme sehemu moja ya 15 ya sekunde. Mtoto anayekimbia mwendo wa mita tatu kwa sekunde atakuwa amesogea sentimita 20 kabla mlango haujafungwa. Hakuna programu itakayokurudishia uso wake. Mtoe mtoto huyohuyo nje kwenye jua, na simu hiyohiyo itafunga mlango kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde. Sasa amesogea milimita tatu. Kilichobadilika ni mahali mliposimama.

Kwa aliyetulia, kazi inabaki kwa mpiga picha. Viwiko vibanwe kwenye mbavu, siyo kunyoosha mikono mbele. Mgongo au bega liegemee mwimo wa mlango, mti au ukuta. Toa pumzi, kisha bonyeza kwa kitufe cha sauti kilicho ubavuni, kwa sababu kugonga kioo kwa kidole gumba kunaisukuma simu wakati uleule unapotaka itulie. Kama mwanga ni mdogo, iweke simu juu ya kitu na utumie kipima muda cha sekunde tatu ili mkono wako usihusike kabisa. Watu wananunua miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia kamera, ilhali katika kila nyumba ya Karagwe yapo maharage. Jaza kilo mbili kwenye mfuko mdogo, ufunge ukiwa umelegea kidogo, na simu itakaa juu yake imara kwa pembe yoyote unayotaka. Wapiga picha wa wanyamapori duniani kote hutumia mifuko ya namna hiyo juu ya madirisha ya magari yao, na haionekani kuwaaibisha.

Kisha kuna swali la saa, na hapa Karagwe tuna jambo letu. Saa za Tanzania zinafuata mstari wa longitudo ya 45, ambao uko baharini, mashariki ya nchi yote. Sisi tuko karibu na longitudo ya 31, kona ya kaskazini-magharibi. Kwa hiyo jua letu linachelewa karibu saa nzima: utosi wa jua huku haufiki saa sita kamili bali karibu saa saba mchana. Nasi tuko karibu sana na ikweta, hivyo likifika utosini linasimama juu ya kichwa kwelikweli. Mwanga wa namna hiyo unatupa vivuli vyeusi machoni, chini ya pua na chini ya ukingo wa kofia. Hata hivyo, ndiyo saa ambayo wengi wetu tunapiga picha, kwa sababu ibada imekwisha na watu wamekusanyika uwanjani wakiwa wamevaa vizuri. Picha zikitoka na matundu meusi badala ya macho, simu inatukanwa.

Wasogeze watu hao chini ya mwembe mkubwa au kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, nyuso zikielekea kule kuliko wazi, na macho yatarudi. Ukiweza kuchagua, chagua kati ya saa moja na nusu na saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi na nusu alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Kwa picha za mbali, za vilima na mabonde, subiri ukungu wa asubuhi upande kwanza, na ujue kwamba moshi na vumbi la Julai na Agosti vitafifisha kilima chochote hata ukiwa na lenzi ya aina gani. Mvua ikinyesha ikakatika, hewa imeoshwa. Saa moja baada ya hapo utahesabu miti kwenye kilima cha ng'ambo. Hali hiyo ya hewa haiuzwi, nayo inampa ukali kila mtu sawa, mwenye simu ya laki mbili na mwenye kamera ya milioni nne.

Nieleze kazi mbili kwa karibu, ili nisionekane natoa nadharia.

Ya kwanza ni picha ya bibi nyumbani kwake. Nyumba nyingi zetu ni za tofali na bati, dirisha dogo, ndani giza. Wanaoamini kamera ya bei watasema hapo haiwezekani bila taa za studio. Mimi nasema mlango wa mbele ni studio tayari. Weka kigoda hatua moja ndani ya kizingiti, bibi akae akitazama nje, wewe usimame nje ubavuni kidogo mwa mlango ili usimzibie mwanga. Mwanga wa uani unamjia usoni kwa upole kutoka upande mmoja, na nyuma yake chumba kinakuwa cheusi chenyewe, bila pazia. Gusa kwenye kioo cha simu jicho lake lililo karibu nawe na ushikilie kidole mpaka fokasi ijifunge. Hapo utaona simu imeangaza kupita kiasi, kwa sababu inaona giza kubwa nyuma na inajaribu kulisaidia. Buruta alama ya jua chini mpaka ngozi irudi kwenye rangi yake. Zima ile kazi ya kulainisha uso, maana inafuta kwa makusudi ukali uliokuja kuutafuta. Piga mara kadhaa, maana macho hupepesa. Utapata kila mkunjo wa uso, kila uzi wa kitenge, na mwanga mdogo ndani ya jicho ambao ndio unaomfanya mtazamaji ahisi anatazamwa. Nimefanya hivi kwa simu ya bei ya chini kabisa dukani, picha ikachapishwa kwa ukubwa wa A4, na imetundikwa ukutani kwa wenyewe.

Ya pili ni kahawa. Picha za kahawa ya maganda zinazotumwa kutoka kwetu mara nyingi hupigwa mtu akiwa amesimama, jua liko juu, na zao lote linaonekana kama udongo uliomwagwa. Mnunuzi aliye mbali hawezi kuona kama punje zimekauka sawasawa au zimeota kuvu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Piga goti kando ya turubai asubuhi, jua likiwa bado limelala upande, na kila punje itakuwa na kivuli chake. Weka simu juu ya mfuko wa maharage, sentimita 15 hivi kutoka kwenye kahawa. Usikaribie zaidi, kwa sababu simu nyingi hazina uwezo wa kuona vizuri kitu kilicho karibu kuliko upana wa kiganja, na hapo ndipo watu hupata ukungu wakadhani lenzi ni mbovu. Gusa punje ya katikati, piga. Picha hiyo itamwonyesha mnunuzi rangi, mikunjo ya ganda na punje zilizovunjika, bila mtu kulazimika kuongeza maneno ya sifa.

Kosa jingine linalosingiziwa bei ni zumu ya vidole. Ukivuta picha kwenye kioo, simu nyingi za kawaida hazileti kitu karibu. Zinakata kingo na kutanua kilichobaki. Simu ya megapikseli 12 ikivutwa mara nne inabakiwa na sehemu moja ya 16 ya picha, yaani megapikseli 0.75. Umetupa karibu kila kitu kwa mikono yako mwenyewe. Tembea, msogelee unayempiga, muombe ruhusa, mzungumze. Mbali na ukali, utapata uso uliokukubali.

Na kwa kuwa nimetaja megapikseli, neno hilo limetumiwa sana kututisha. Duka la simu linatangaza 48, 64, 108, na mteja anaona aibu ya 8 alizo nazo. Tuzihesabu. Picha ya ukubwa wa postikadi, inchi 4 kwa 6, ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi, inahitaji nukta 1,200 kwa 1,800, yaani megapikseli mbili na ushee. Karatasi nzima ya A4 kwa kiwango hichohicho inahitaji megapikseli zisizofika tisa. Picha ya pasipoti haifiki robo ya megapikseli. Kioo cha simu au runinga yenye mistari 1,080 kinaonyesha megapikseli mbili tu. Ni nani hapa Kayanga anayechapisha picha kubwa kuliko A4 kila wiki? Mabango makubwa yenyewe hutazamwa kutoka mbali, kwa hiyo hayahitaji nukta nyingi kwa inchi. Megapikseli nyingi zaidi ya hapo zinajaza kadi ya memori na kumaliza bando.

Halafu kuna picha zilizotoka kali na zikauawa njiani. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha ili zisafiri haraka, na picha iliyopita kwenye makundi manne hufika imechakaa. Tangu 2023 kuna chaguo la kutuma kwa ubora wa juu, na pia mtu anaweza kuituma kama faili, ikafika kama ilivyotoka. Nimesikia watu wakilinganisha picha waliyoitoa kwenye kundi la ukoo na picha iliyochapishwa studio, kisha wakahitimisha kwamba simu haifai. Walilinganisha nakala ya nakala na picha halisi.

Watetezi wa kamera ya gharama hupenda kusema kwamba historia iko upande wao: kazi kubwa zilifanywa na vifaa vikubwa. Historia ya Karagwe yenyewe inawakana. Mwaka 1860 wasafiri John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka Zanzibar wakiwa na kamera, na Grant alikuwa ameshapiga nayo picha kule kisiwani. Ilikuwa mashine ya gharama na ya kisasa kwa wakati wake, yenye sahani za kioo na dawa, na hema dogo la giza la kuzisafishia. Kabla hawajafika Tabora, Speke aliirudisha Zanzibar. Aliandika kwamba joto la lile hema lingemuua mwenzake. Walipofika kwa Mfalme Rumanyika hapa Karagwe, Novemba 1861, mkononi mwa Grant kulikuwa na penseli na rangi za maji. Aliugua mguu akabaki huku miezi kadhaa, akichora. Michoro yake ndiyo iliyoingia kwenye kitabu cha Speke cha 1863, na mingine imehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Kifaa bora kilichokuwa kigumu mno kutumika safarini hakikutuachia hata taswira moja ya Karagwe ya Rumanyika. Kilichobebeka, kikashikwa na mtu mwenye subira, kimetuachia nyingi ya zile tulizo nazo za safari ile.

Mwaka 1900 Kodak iliuza kamera ya boksi iliyoitwa Brownie kwa dola moja ya Marekani. Haikuwa na fokasi ya kurekebisha; ilimtaka mtu aipe jua, asimame mbali kidogo na asitikisike. Kwa boksi ya aina hiyo, tena ya mtumba, Mohamed Amin alianza kupiga picha akiwa mtoto Dar es Salaam. Mwaka 1963 alikuwa na kampuni yake, Camerapix, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Kule Bamako, Seydou Keïta alianza na Brownie aliyopewa na mjomba wake mwaka 1935. Alipofungua studio mwaka 1948 alipiga watu uani kwa mwanga wa jua, nyuma yao akitundika shuka la kitanda. Ni kweli kwamba baadaye Keïta alitumia kamera ya hasi kubwa, na Amin alibeba vifaa bora alivyoweza kuvipata. Lakini tazama mpangilio: jicho, mwanga na nidhamu vilitangulia, kifaa kikafuata kazi ilipokidai. Keïta kwa kawaida alimpiga mteja pigo moja tu, kwa kuwa hasi zilikuwa ghali, na pigo hilo lilipaswa kuwa kali. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kuna ushahidi mwingine unaotuhusu sisi watu weusi moja kwa moja. Kwa miaka mingi filamu za Kodak zilikuwa kati ya bora na ghali zaidi sokoni, lakini maabara zilipima usahihi wa rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kwa jina la Shirley. Nyuso nyeusi zilitoka kama kivuli chenye meno na macho. Miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu ikaboreshwa ni watengenezaji wa samani za mbao na wa chokoleti, ambao rangi zao za kahawia zilikuwa hazitofautiani. Kwa hiyo bei kubwa haikuwahi kuwa dhamana kwa nyuso zetu. Aliyetaka uso mweusi utoke vizuri alilazimika kujua kuuangaza, na ujuzi huohuo ndio unaohitajika leo unapoburuta ile alama ya jua kwenye simu.

Sitafuti ushindi wa kufunga macho. Zipo kazi zinazodai kamera kubwa. Send-off ya usiku ukumbini, taa za rangi zikizunguka na maharusi wakicheza, ni mtihani mgumu kwa simu ya bei ya chini. Mpira wa miguu ukitazamwa kutoka kona ya uwanja unataka lenzi ndefu. Anayetaka kupiga wanyama katika Hifadhi ya Rumanyika-Karagwe au Ibanda-Kyerwa, zilizopandishwa hadhi kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019, hawezi kuambiwa awasogelee kwa miguu. Lakini kazi hizo ni chache. Kwa siku ya harusi kamera hukodishwa na kurudishwa, na fedha ya kukodi inatoka kwenye malipo ya kazi ileile. Kuzifanya kazi hizo chache ziwe sheria ya picha zote ni kuwaonea wanaopiga picha za pasipoti, ubatizo, mahafali, mazao, mifugo, viwanja na wazazi wao.

Hoja iliyobaki ndiyo ninayoiheshimu zaidi: mteja haamini simu. Kijana ataniambia, "Mzee, nikienda na simu hata elfu mbili hawanipi." Ni kweli, na chanzo chake ni kauli hii hii ninayoipinga. Mteja amefundishwa kupima mashine kwa sababu hajawahi kuonyeshwa kazi. Basi kijana asiende na maneno. Achapishe picha kumi bora za watu wa hapa, kwenye karatasi, aziweke kwenye albamu na kumfungulia mteja kabla ya kutaja bei. Karatasi haina jina la kamera.

Kwa sababu tazama tunacholipa kwa imani hii. Nimeshuhudia vijana wakiuza kahawa ya familia ikiwa bado mtini, ile butura tunayoipiga vita kila msimu kwa kuwa inamnyonya mkulima, ili waongezee fedha ya kamera. Wengine wameweka pikipiki rehani. Kamera inafika, picha zinatoka na makosa yaleyale ya mwanga na fokasi, na mwenye nayo anaambiwa tatizo sasa ni lenzi, anunue nyingine. Mkopo haujaisha na kazi haijaanza. Anayewashauri vijana namna hii, hata kama ana nia njema, anawatuma kwenye deni kabla hawajajifunza kusimama mahali pazuri.

Na walio wengi, ambao hawatanunua kamera kamwe, wanalipa kwa njia nyingine: hawapigi. Waliozaliwa kabla ya Uhuru wa 1961 wanazidi kutuondokea. Ndio wanaojua majina ya vilima kwa Kinyambo, mipaka ya mashamba, ngoma na mapishi ambayo hayajaandikwa. Familia zao zinasubiri mtoto wa mjini aje na kamera nzuri wakati wa Krismasi. Msiba ukitangulia, picha ya kwenye jeneza inakatwa kutoka kitambulisho cha mpiga kura na kukuzwa mpaka uso unakuwa madoa. Ndani ya nyumba hiyohiyo mlikuwa na simu tatu, mlango unaoingiza mwanga, na asubuhi nyingi zisizo na mawingu.

Kwa hiyo nina dai, nami nalitoa hadharani. Walimu wa sekondari zetu wawafundishe wanafunzi mwanga na fokasi kwa simu zilizopo, vipindi viwili vinatosha kuanza. Vyama vya msingi viweke utaratibu wa kupiga picha ya kila shehena asubuhi, karibu, lenzi imefutwa. Wenye studio Kayanga na Omurushaka waache kuwaambia wateja kwamba simu zao hazifai.

Na anayebisha, tupambane kwa kazi. Achague yeye mzee mmoja, mtoto mmoja na turubai moja la kahawa. Apige kwa kamera yake mchana kweupe, kama watu wanavyopiga kila siku. Mimi nitapiga kwa simu ya laki mbili, mlangoni na kivulini, saa niitakayo. Tuchapishe zote kwa ukubwa wa postikadi, tuzichanganye bila majina, tuziweke mezani siku ya soko, na wapita njia wachague zilizo kali. Wakichagua zake, nitakaa kimya. Wakichagua zangu, aache kuwauzia vijana wetu madeni.